Nimenunua Joto Dar es Salaam

Kazi ya kwanza ya soksi za magoti ni kutia joto. Ndivyo wasemavyo wanaozitengeneza, wanaoziuza, na hata madaktari wa michezo ambao hawauzi kitu. Mpira ule mnene hulifunika goti likabaki na joto lake, na kiungo kilichopata moto hukunjuka vizuri kuliko kilichopoa. Hoja hiyo haina kasoro hata moja kwa mkazi wa Helsinki. Mimi nakaa Tabata. Mwezi wa Februari huku kwetu hata kuku hawagombani, wamejilaza chini ya magari wakihema, na katika shida zote ambazo Dar es Salaam imepata kunipa, uhaba wa joto haumo. Pamoja na hayo nilitoa fedha yangu halali nikanunua joto jingine, la magoti tu.

Kwa asiyezijua, soksi hizi hazina sehemu ya kuingiza kidole wala kisigino. Ni bomba fupi la mpira, wazi huku na huku, unalolipandisha mguuni mpaka pia ya goti ikae katikati. Huuzwa kwa unene: milimita 3 kwa wanaokimbia na kurukaruka, 5 kwa wanaochanganya mazoezi, 7 kwa wabeba vyuma. Saba ndio mwisho. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Powerlifting haziruhusu unene wa zaidi ya hapo, wala urefu unaopita sentimita 30. Kijana wa jimu yetu alinieleza hayo kwa sauti ya wakili aliyebakiza hoja moja kushinda kesi. Jimu yenyewe ni kibanda cha mabati, na chuma chetu kikuu ni bomba la maji lenye makopo ya rangi yaliyojazwa zege huku na huku. Kilo zake anazijua aliyechanganya zege, naye alishahamia Morogoro. Lakini milimita tunaziheshimu.

Sababu ya mtu wa umri wangu kuingia jimu haihitaji maelezo, tazama tundu la mwisho la mkanda wangu. Sababu ya kutafuta soksi ilikuwa sauti. Kila nikishuka kwenye skwati, magoti yalitoa mlio wa mtu anayevunja kuni, na vijana wakawa wanazima muziki ili wasikilize vizuri. Mlio usio na maumivu kwa kawaida si ugonjwa, na daktari aliniambia hivyo bila hata kuinua macho. Jimu, hata hivyo, haiongozwi na madaktari. Inaongozwa na wenye mabega mapana, nao walishatoa hukumu: mzee avalishwe.

Basi ikaja habari ya vipimo. Muuzaji alitaka mzunguko wa goti kwa sentimita, na nyumbani kwetu hakuna futi, kwa hiyo nikaenda kwa fundi cherehani wa kona ya mtaa.

"Fundi, naomba nipimie goti."

"Goti la suruali?"

"Goti la goti."

Akanitazama, akaitazama cherehani yake, akaamua kwamba mteja ni mteja. Akapima kwa uangalifu, akaandika namba kwa chaki kwenye kipande cha boksi, akanipa kwa mikono miwili. Kumbe alikuwa amefanya lile ambalo kila fundi mwenye utu huwafanyia watu wenye vitambi: alikuwa ameongeza. "Nimekuwekea inchi mbili za kupumulia, mzee," alinieleza baadaye, tena akitarajia shukrani. "Mguu nao unataka hewa."

Soksi zilipofika ziliingia kwa raha isiyo ya kawaida. Siku hiyo jimu nilishuka na chuma, nikapanda na chuma, soksi zikabaki chini. Nikazivuta. Nikashuka tena, zikatangulia. Ilipofika zamu ya mwisho zilikuwa zimejikunja kwenye vifundo vya miguu, na kijana mmoja aliyekuwa akipumzika kwenye benchi akasema kwa upole mkubwa, "Mzee, soksi zako zinapiga tizi zake zenyewe."

Hapa niseme kitu kuhusu adabu, kwa sababu waliobuni mazoezi haya hawakuwa Waswahili. Anayepiga skwati hujaza pumzi tumboni, akaibana, akashuka nayo, na haiachii mpaka amepanda. Pumzi ile ndiyo inayoukaza mgongo. Sasa wewe uko katikati ya safari hiyo, zege limekulalia mabegani, soksi zinateremka, na mlangoni anaingia kijana aliyelelewa vizuri. "Shikamoo mzee!" Ukinyamaza, umemdharau mtoto wa watu. Ukijibu, pumzi yote inatoka na "marahaba", na mgongo unabaki na Mungu wake. Mimi nilijibu. Waliokuwepo wanasema neno lile lilianza kwa sauti ya baba mtu mzima na kuishia kwa sauti ya filimbi.

Jozi ya pili niliinunua Kariakoo kwa mfanyabiashara mwenye imani tofauti kabisa na ya fundi. Alinibonyeza goti kwa kidole gumba kama mnunuzi wa parachichi, akatikisa kichwa, akaleta saizi ambayo ningeidhania ya mtoto wa darasa la tano. "Inatakiwa ikubane," alisema. "Ikiingia kirahisi, hiyo ni ya urembo." Na kweli wabeba vyuma wa mashindano huchagua za kubana, kwa kuwa mpira mnene uliobanwa husukuma kidogo mtu anapoinuka kutoka chini. Ila wao huziteremsha kila baada ya zamu ili damu ipite. Mfanyabiashara hakufika kwenye sehemu hiyo ya mafundisho.

Kuivaa soksi iliyobana kuna ujuzi unaojulikana duniani kote: unavika mguu mfuko wa plastiki, soksi inateleza juu yake, kisha unauchomoa mfuko kwa chini. Ujuzi mzuri, ila Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 1 Juni 2019, na Kenya ilitutangulia Agosti 2017. Sikatai, mitaro yetu ilipata nafuu. Lakini waliopitisha uamuzi ule hawakumfikiria mtu aliyekaa kitandani alfajiri na soksi iliyogoma kwenye shavu la mguu. Ile mifuko mbadala ya kitambaa haitelezi hata ukiisihi. Miongoni mwa vilivyobaki halali ni vifungashio vya vyakula, ndipo mfuko wa mkate ukaingia kwenye michezo. Nikavaa. Mke wangu akaamka akakuta vipande vya mkate vimepangwa mezani uchi, akauliza, "Baba Salma, mkate umefanya nini?" Nikamwambia ni mazoezi. Hakuuliza tena, na kunyamaza kwake ndiko kulikonitia wasiwasi.

Siku ile skwati zilikwenda vizuri, nakiri kwa furaha. Goti lilikaa pamoja, lilijua liko wapi, na hilo ndilo wanalosema wataalamu: mbano juu ya ngozi huusaidia ubongo kuhisi kiungo kimekaaje. Mlio wa kuni ulipungua, au ulizibwa, sijui na sijali. Shida ilikuwa kuvua. Ya kushoto ilitoka baada ya mmoja kunishika kwapani na mwingine kuvuta. Ya kulia ilikataa. Jasho lilikuwa limegeuka gundi, na kadiri walivyovuta ndivyo na mimi nilivyoteleza nayo sakafuni mpaka tukafika mlangoni. Nyumbani mkasi ulisogezwa. Nikaukatalia, maana kwa bei ile ilikuwa afadhali ukatwe mguu.

Na adhuhuri hiyo jirani alikuwa na arobaini ya mzazi wake. Nikavaa kanzu juu ya soksi moja, nikaenda.

Chini ya turubai kulikuwa na mikeka, na mikeka inataka magoti mawili. La kwangu la kulia, likiwa ndani ya milimita 7 za mpira wa saizi ya mtoto, lilikunjika nusu likasimama. Nikakaa nimelinyoosha katikati ya waumini, unyayo ukimwelekea mzee mmoja mwenye heshima zake. Kila aliyepita aliruka mguu wangu na kusema pole. Nikajaribu kueleza kwamba siumwi. Hakuna maneno yanayothibitisha ugonjwa kwa Mswahili kuliko "siumwi". Wakaniletea kiti. Wakaniletea mto. Sinia la pilau lilipofika wakaniwekea sahani peke yangu, na hilo, kusema kweli, sikulipinga. Yule mzee mwenye heshima akaniinamia akaninong'oneza jina la mganga wa Kibaha.

Habari ilimfikia mama mkwe kabla ya magharibi. Kesho yake kikaja kikapu cha bamia. Keshokutwa bamia tena, na ujumbe kwamba nisiache kunywa supu ya kongoro. Nchi hii ina imani isiyotikisika kwamba bamia, kwa ule utelezi wake, huongeza ute kwenye magoti. Ute wa goti hutengenezwa na utando uliozunguka kiungo chenyewe, na bamia likishamezwa linaishia tumboni pamoja na mboga wenzake. Nenda ukamwambie hayo mama mkwe wako. Mimi nilikula. Nilikula bamia la kuchemsha, la nazi, la kukaanga, mpaka Salma akaomba ahamie kwa bibi yake, akakumbuka kwamba bamia zinatoka huko huko.

Soksi ilitoka usiku ule wa arobaini, kwa povu la sabuni ya kufulia na dua za mke wangu, ambazo nyingine hazikuwa dua. Nikaitumbukiza kwenye begi pamoja na mwenzake, begi likaenda chini ya kabati. Baada ya siku kadhaa msako wa panya ukaanza. Jokofu lilisogezwa. Dari lilipandwa. Mke wangu aliapa kwamba panya amekufa mahali na kwamba alikuwa mkubwa, mwenye familia.

Mpira wa soksi hizi unaitwa neopreni, na historia yake ingetutahadharisha mapema. Ulipatikana Marekani mwaka 1930, kwenye maabara ya kampuni ya DuPont, katika kundi la mkemia Wallace Carothers, kundi lile lile lililokuja kutoa nailoni. Mwaka uliofuata ukaingizwa sokoni kwa jina la DuPrene, na soko likasita kuupokea kwa sababu moja ya msingi: ulinuka. Namna walivyoutengeneza iliacha harufu mbaya ndani yake, wakalazimika kubuni njia nyingine ya kiwandani. Wakemia wa Marekani wakahangaika, wakaiondoa harufu. Wabeba vyuma wa dunia wameirudisha kwa jasho. Neopreni haipitishi hewa, kitambaa kilichobandikwa ndani kinakunywa kila tone, na kiza cha begi kinamaliza kazi. Dawa yake ni kufua kwa mkono, maji baridi na sabuni kidogo, kisha kuanika kivulini, kwa sababu jua kali huuchosha mpira. Kivuli kikavu Tabata, msimu wa masika, ni mradi mwingine unaojitegemea.

Mtaniuliza kama zinafaa. Zinafaa, kwa kiasi chake. Zinatia joto, zinabana, zinamfanya mtu ashuke bila woga mpaka nyonga ipite chini ya goti, ambacho ndicho kipimo cha skwati halali mashindanoni. Hazitibu kitu. Goti lililovimba au linaloachia njiani linapelekwa hospitali, halivalishwi soksi likaambiwa livumilie. Mtaani kwetu yupo mzee aliyewahi kuwa kuli bandarini, aliyebeba magunia miaka na miaka bila hata kiatu, na hunicheka kila nikipita na begi langu. Nilikuwa na hamu ya kumjibu, ila yeye mwenyewe siku hizi anatembea na fimbo, kwa hiyo kati yetu mjadala haujapata mshindi.

Kitu kimoja soksi hizi zimenipa ambacho hakikuandikwa kwenye boksi. Kwenye daladala, nikiwa nimevaa bukta na zimeonekana, kijana hunyanyuka kunipisha. Mwanzoni nilikuwa nakataa kwa fahari, nikieleza kwamba natoka kunyanyua uzito wa mtu mzima na watoto wake. Siku hizi nakaa, nasema ahsante mwanangu, na nalishika goti kidogo ili wema wake usipotee bure.

Ile jozi kubwa ya fundi bado ninayo. Ni ya milimita 7, nyeusi, haijawahi kubana goti la mtu yeyote. Mwenye mguu mnene aje tuelewane bei, na akitaka nitamwongezea bamia.