Jinsi ya Kubadili Kabila Kabla ya Chakula cha Jioni

Mwongozo huu ni wako wewe kijana wa miaka kumi na mitano, mkaazi wa Umoja, Nairobi, baba Mbukusu wa Bungoma, mama Mkamba wa Machakos. Wengine wataazima watakachoweza.

Anza kwa kulielewa swali. Mtu mzima wa Kenya hakuulizi kabila lako. Ana adabu zake. Anakuuliza jina. Ukisema Brian, atatabasamu na kungoja. "Brian nani?" Hapo ndipo mtihani ulipo. Ukitamka Wafula, utaona mabega yake yakishuka au yakipanda, na kuanzia hapo utajua kama leo utauziwa kwa bei ya ndugu. Ukiwa soko la Machakos, mtaje kwanza babu mzaa mama, Mutua, kisha ukohoe. Wafula atafuata baada ya kufungiwa maembe.

Mtaani mambo ni mepesi. Wewe ni wa Umoja, lugha yako ni Sheng, na mgeni wenu ni yule anayetumia Sheng ya mwaka jana. Ila siku AFC Leopards inapokutana na Gor Mahia, utagundua ghafla una damu ya Kiluhya, hata kama hujui kipa anaitwa nani. Usione haya. Klabu yenyewe ilianza mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, kisha serikali ilipochoshwa na timu za kikabila ikajibatiza Leopards. Mashabiki hawakuhama.

Shule ya bweni inataka ustadi zaidi. Bungoma, Mmaragoli, Mluhya wa tawi jingine, ni mtu wa kutaniwa. Bwenini, penye Wakikuyu arobaini na Wajaluo thelathini, Mmaragoli ni ndugu yako wa tumbo moja na mnagawana blubendi. Mzee akikukemea kwamba kizazi chenu hakina msimamo, mkumbushe kwa upole kwamba majina Mijikenda na Kalenjin yalishika kasi miaka ya 1940, wakati babu zake walipoona kwamba wengi husikika kuliko wachache. Kisha ondoka haraka, maana wazee hawapendi tarehe.

Ugumu wenyewe uko ushago. Wabukusu hutahiri vijana wao Agosti ya miaka shufwa, na mwaka 2022 msimu huo uliangukia mwezi mmoja na uchaguzi mkuu, kwa hiyo njia za Bungoma zilikuwa na njuga za wavulana na spika za wagombea kwa pamoja. Ukifika huko, usijigambe kwamba ulitahiriwa hospitalini Nairobi ukiwa mtoto. Kuka, yaani babu, atanyamaza, na kunyamaza kwake ni kubaya kuliko fimbo. Msalimie Kukhu, yaani bibi, kwa Lubukusu uliyoikariri ndani ya basi. Atacheka hadi machozi, awaite majirani waje wasikie. Binamu zako watakuita "mtu wa Nairobi" mpaka siku ya kuondoka. Yaani umesafiri usiku kucha kwenda kwenu, na huko ndiko pekee ambako hakuna anayekuita Mbukusu. Mimi bado sijapata dawa ya hili. Beba sukari na majani ya chai.

Unaweza pia kukataa kabisa. Katika sensa ya 2009 zaidi ya watu 600,000 waliandikwa "Wakenya" na basi. Juni 2024, kaka na dada zako walipofurika barabarani kupinga Mswada wa Fedha, walitangaza kwamba hawana kabila wala chama, na wanasiasa waliozoea kumpigia simu mzee mmoja wa jamii wakabaki hawajui wampigie nani. Mbinu hii ni nzuri, ila haifanyi kazi kwa mwenye nyumba za kupanga.

Ukitimiza miaka 18 utaomba kitambulisho, na fomu itataka nyumbani kwenu: wilaya, lokesheni, kata ndogo. Hapatoshi kuandika Umoja, Bungoma na Machakos kwa wakati mmoja. Andika Bungoma, kwa sababu chifu wa huko anamjua babu yako na foleni yake ni fupi. Karani akiuliza kuhusu Machakos, mwambie mstari umeisha.