Mwangaluka, Mtandao: Mwongozo wa Kusaka Intaneti kwenye Linux Mpya Ukiwa Bariadi

Hongera, umepiga Linux. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10, na laptopu yako ya mtumba haina sifa za kupokea Windows 11. Kijana mmoja wa stendi akakupa flashi yenye Ubuntu, akakuapia kwamba ni ya bure na haijui hata virusi vinaandikwaje. Ukaipiga usiku. Asubuhi imewaka vizuri, rangi zimetulia, maandishi yamenyooka. Kimekosekana kitu kimoja tu, intaneti.

Usitishike. Mwongozo huu umeandikwa na mwenye stesheneri mjini Bariadi, mkoani Simiyu, aliyekaa siku tatu bila mtandao, huku wazazi wakipanga foleni na namba za mitihani za watoto wao mkononi. Fuata hatua kwa mpangilio. Ya kwanza ni ya lazima.

Hatua ya 1: Tafuta wa kumlaumu

Kabla hujagusa kitu, laumu. Anza na mnara, kisha mvua, kisha kijana wa flashi. Ukiwamaliza hao, mlaumu Linus Torvalds, aliyeanza kuiunda Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi kule Finland bila kuwafikiria watu wa Simiyu. Laumu kwa sauti ili mteja asikie. Jina moja tu ndilo usilitaje, lako.

Kusema kweli, zipo siku lawama huwa za haki. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipata hitilafu chini ya bahari, na intaneti ya Tanzania ikayumba pamoja na ya majirani. Siku hiyo hata ungepiga Linux mara saba, usingepata kitu. Lakini siku hiyo mtaa mzima ulilalamika. Kipimo ni hicho. Kama jirani muuza chipsi anacheka na video kwenye simu yake, bahari haina kosa. Mkosaji yuko mezani kwako.

Hatua ya 2: Piga upya

Fundi wa mtaani ana dawa moja kwa maradhi yote: futa, piga upya. Nawe fanya hivyo mara tatu. Kila mara Ubuntu itakuuliza uko wapi duniani. Chagua Dar es Salaam na ujisikie mtu wa mjini. Matokeo yatakuwa yaleyale.

Faida ni moja. Ukipiga kwa mara ya tatu ndipo utakapokiona kile kisanduku ulichokiruka mara mbili, kinachouliza kama uwekewe pia programu za watengenezaji wengine kwa ajili ya vifaa vya Wi-Fi. Kiwekee tiki. Kisanduku hicho kimewaokoa wengi kuliko fundi yeyote ninayemjua.

Hatua ya 3: Ufunguo uko ndani ya ghala

Ikishindikana, fungua dirisha jeusi la amri, andika `lspci`, halafu tafuta mstari unaotaja mtandao. Ukikuta jina Broadcom, vuta kiti. Kadi nyingi za kampuni hiyo hudai draiva ambayo si huria, kwa hiyo haikai ndani ya Linux yenyewe. Iko wapi? Kwenye intaneti. Ili upate intaneti unahitaji draiva, na ili upate draiva unahitaji intaneti. Ni kama karani aliyefunga ghala la pamba na kuuacha ufunguo juu ya marobota.

Mlango wa nyuma upo. Chukua simu yako, iunganishe na laptopu kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio ya hotspoti uwashe kugawa intaneti kwa USB. Linux huiona simu kama kadi ya mtandao ya waya na haidai draiva ya ziada. Pakua hiyo ya Wi-Fi kwa njia hiyo, mambo yaishe.

Hayataisha. Waya ulionunua kwa machinga kwa buku moja unachaji tu. Ndani yake hamna nyuzi za kupitisha data. Simu itaonyesha alama ya umeme na laptopu itakuangalia kama mgeni. Mimi nilihangaika na waya wa namna hiyo tangu chai ya asubuhi hadi adhuhuri. Azima wa mwenye duka la simu, ule uliotoka na simu ndani ya boksi. Na umrudishie.

Hatua ya 4: Bonyeza usichokijua

Andika `rfkill list`. Ukiona Wi-Fi imezuiwa, ujue kuna mahali pamezimwa. Zuio likiwa la programu, `rfkill unblock all` inalimaliza. Likiwa la kifaa, amri haisaidii, kwa sababu ni swichi halisi. Laptopu nyingi za zamani zina kiswichi pembeni, au kitufe chenye mchoro wa mnara mdogo safu ya juu. Mara nyingi aliyekizima ni mtoto uliyempa laptopu aangalie katuni. Rudi Hatua ya 1, umwongeze kwenye orodha.

Hatua ya 5: Salimia

Hapa ndipo wenyeji wa Usukumani tunapowazidi mafundi wa Dar es Salaam. Kwetu huingii kwenye mji wa mtu ukatangaza shida yako. Unaanza na "Mwangaluka", wanaitika, unauliza waliomo ndani, unauliza ng'ombe, unauliza majirani, ndipo unasema kilichokuleta. Ubuntu nayo ni neno la lugha za Kinguni za Afrika Kusini, ndugu wa utu wetu, na mfumo wenye jina hilo ulitoka kwa mara ya kwanza mwaka 2004. Utu huanza na salamu, na salamu ya kompyuta inaitwa `ping`.

Jisalimie kwanza mwenyewe: `ping 127.0.0.1`. Ukiitika, u mzima. Ping ya Windows hutoa salamu nne ikanyamaza. Ya Linux haikomi mpaka uikatize kwa Ctrl na C, kama bibi aliyekukumbuka.

Kisha msalimie mwenye lango. Andika `ip route`, usome namba iliyo baada ya maneno `default via`, uipigie ping. Hiyo ndiyo simu yako au ruta yako. Akiitika, toka nje ya boma: `ping 8.8.8.8`, ambayo ni kompyuta ya Google. Akiitika naye, sasa ita kwa jina: `ping wikipedia.org`. Kama namba inaitika na jina haliitiki, barabara ni nzima ila umekosa wa kukuelekeza nyumba. Tatizo hilo ni la DNS. Fungua mipangilio ya mtandao, uandike 8.8.8.8 mahali pa DNS, uzime na kuwasha.

Kila salamu isiyoitikiwa inakuonyesha ukuta wa kubomoa. Anayeruka salamu huishia kubomoa nyumba nzima, yaani kurudi Hatua ya 2.

Hatua ya 6: Uliza ni mwaka gani

Kama salamu zote zinaitikiwa lakini tovuti zinasema hazikuamini, tazama saa. Betri ndogo ya saa ikifa, laptopu husahau tarehe kila inapokosa umeme. Yangu niliikuta kwenye BIOS ikiishi Januari 2012. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwezi Machi mwaka huo, na kabla ya hapo Bariadi ilikuwa Shinyanga, kwa hiyo kwa hesabu ya laptopu mkoa wangu haukuwepo na ofisi yangu ilikuwa Shinyanga. Linux ina akili kidogo, haikubali tarehe iliyotangulia kuundwa kwake yenyewe. Hata hivyo yaweza kubaki nyuma kwa miezi, na tovuti yenye cheti kipya ikaonekana ya kesho. Andika `timedatectl`, urekebishe, kisha ununue betri.

Hatua ya 7: Muulize mzee

Siku ya tatu nilikuwa nimeshasalimia. Mimi naitika, lango linaitika, 8.8.8.8 kimya. Nikaanza kuitafuta flashi nipige upya kwa mara ya nne. Mzee mmoja aliyekuja kutoa kopi ya hati ya shamba alikuwa amekaa kwenye benchi akinitazama.

"Shikamoo baba. Mtandao unasumbua, nivumilie kidogo."

"Marahaba, mwanangu. Hapo nyumbani wanaitika?"

"Wanaitika."

"Wa ng'ambo ndio hawaitiki?"

"Hawaitiki, baba."

Akatikisa kichwa. "Bando unalo?"

Nikapiga menyu. Salio la kifurushi: MB 0. Lilikuwa limeisha tangu jana yake jioni, saa ileile nilipofaulu kuweka draiva na kudhani kwamba imekataa.

Nikanunua la GB 1. Kurasa zikafunguka, mzee akapata kopi yake, mama wa kwanza kwenye foleni akanipa namba ya mwanawe. Wakati ukurasa wa matokeo unazunguka, Ubuntu ikaniletea ujumbe wa adabu kabisa: kuna masasisho, tuyaweke sasa? Kwa furaha niliyokuwa nayo nikabonyeza ndiyo, bila kusoma ukubwa wake.

Mzee alikuwa bado mlangoni akikunja kopi yake. Ukurasa ulipokwama aligeuka, akanitazama, na safari hii hakuuliza kitu.