Mzimu Hauwezi Kuishi Kwenye Hema

Mpwa wangu anayeigiza Nairobi alikuja likizo hapa Kegonga na begi dogo la nguo na shehena ya hadithi za mizimu. Tangu azimwage pale jikoni, watoto wa boma hili hawaendi chooni usiku bila kusindikizwa, na msindikizaji ni mimi. Saa nane usiku nimesimama nje na tochi ya simu, baridi imenishika magoti, namsubiri mtoto wa darasa la tatu ambaye kila dakika anaita, "Babu, bado uko?" Nitakuwa wapi tena?

Na mizimu yenyewe si ya hapa. Ni ya London! Kuna jumba la maigizo huko linaitwa Theatre Royal, mtaa wa Drury Lane. Jengo la sasa lilifunguliwa 1812, lakini kiwanja hicho kimechezewa michezo tangu 1663. Basi wanasimulia kwamba kuna bwana mmoja wa joho la kijivu na kofia ya pembe tatu, hupita kwenye viti vya ghorofani mchana kweupe. Waigizaji wakimwona hawakimbii. Wanafurahi, ati ni dalili kwamba mchezo utajaza watu. Mwingine ni Joseph Grimaldi, mchekeshaji aliyefariki 1837. Huyo inasemekana humpiga teke mwigizaji anayesimama mahali pabaya jukwaani, mpaka asogee panapostahili.

Nikamwambia mpwa, huyo wa mateke tumwombee uhamisho aletwe Kuria Mashariki. Hapa tuna watoto wa ngonjera wanaomaliza shairi lote wakiwa wamewapa waamuzi kisogo.

Akaniona mshamba. "Mjomba, wewe mambo ya tamthilia huyajui." Mimi! Mzimu wa kwanza nilioufahamu maishani ulitafsiriwa na rais. Mwalimu Nyerere alikuwa anaongoza nchi nzima hapo ng'ambo ya mpaka, na bado akapata wasaa wa kumtia Shakespeare kwenye Kiswahili mwaka wa 1963, mzimu wa Kaizari ukiwemo, unamtokea Bruto hemani usiku, kabla ya vita. Tuliusoma kwa koroboi na hakuna aliyeomba kusindikizwa popote.

Kilichonikera zaidi ni habari ya taa. Kumbe kwenye majumba mengi ya Ulaya na Marekani, onyesho likiisha na watu wakienda zao, balbu moja huachwa inawaka katikati ya jukwaa hadi asubuhi. Wengine husema ni ya mizimu, isikasirike gizani. Wenye akili husema ni ya mfagiaji, asije akatumbukia kwenye shimo la wapiga muziki. Mimi nilichouliza ni kimoja: tokeni ananunua nani? Nyumbani kwangu mtu akitoka sebuleni bila kuzima stima namwita arudi, hata kama alikuwa ameshafika barabarani.

Basi nikamuuliza, na ule ukumbi wetu wa kitaifa pale Nairobi, mkabala na hoteli ya Norfolk, anakaa nani? Akababaika. Nikamsaidia. Ukumbi ule ulifunguliwa Novemba 1952, wiki chache tu baada ya gavana kutangaza hali ya hatari, yaani wakubwa walikuwa wanavaa tai kwenda kutazama michezo huku askari wao wanamsaka Dedan Kimathi msituni. Wakamnyonga Kamiti 1957, na mifupa yake hadi leo familia haijakabidhiwa. Oktoba 1976 Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo wakamrudisha, safari hii jukwaani, katika jumba lilelile. Na unajua alipokewaje? Kwa maelezo ya Ngũgĩ mwenyewe, walipewa siku chache tu, kwa sababu ukumbi ulikuwa umeshachukuliwa na wageni, wakiwemo wacheza dansi kutoka Ufaransa.

Mzimu wenye haki ya kugonga milango pale usiku ni huo. Lakini nawajua watu wa ofisi za nchi hii. Wangeuambia urudi Jumatatu na barua ya maombi, nakala tatu.

Sisi huku hata nafasi ya kunyimwa ukumbi hatuna. Sherehe ikiwadia tunakodi hema na viti vya plastiki. Mzee anakaa na iritungu yake, nyuzi nane, vijana wanaingia na vile viatu vinene vya mbao hadi ardhi inatetemeka, MC anamwita mheshimiwa ambaye bado yuko njiani. Saa kumi na mbili jioni mwenye hema anang'oa nguzo, anakunja turubai, anapakia kwenye pikapu. Mzimu ukijaribu kuhamia humo, kesho utajikuta kwenye matanga Ntimaru, keshokutwa kwenye harambee Kehancha. Mzimu unataka anwani. Unataka ngazi inayolia na pazia lenye vumbi la miaka mia. Hema la kukodi lina vumbi la kutosha, ila la jana.

Tena nani atakuja kuushangaa? Kutoka Migori hadi Homa Bay kazi ya kutisha watu usiku imeshachukuliwa na walio hai. Mwanga wa hapa hahitaji jumba wala mfadhili. Anakuja uchi, anatupa kokoto kwenye mabati, anagonga mlango kwa makalio, anaondoka, na hadai posho wala nauli. Mpwa macho yakamng'aa, akataka kujua kama mtu wa namna hiyo angekubali kuigiza kwa tiketi.

Hawezi. Ukimmulika tu onyesho limekwisha. Na asubuhi ndiye wa kwanza kukusalimu kwenye foleni ya maziwa, amevaa shati limepigwa pasi, anauliza mlilalaje.