Kufungwa na Shemeji

Misiba inayomfika mwanadamu ni mingi, na wenye hekima wameigawa mafungu kwa mafungu, wakasema huu ni wa mali, huu ni wa mwili, na huu ni wa heshima. Lakini katika kuigawa kwao hawakuutaja ule msiba ulio wa vyote vitatu kwa pamoja, kwa kuwa hawakupata bahati ya kuzaliwa Lubumbashi katika nyumba ya mtu wa reli. Msiba huo ni kufungwa na Mazembe Jumapili, na kuamka Jumatatu ukiwa bado ni shemeji wa mtu wa Mazembe.

Mimi ni mtu wa Lupopo. Sisemi hivyo kwa kujigamba wala kwa kutubu. Nasema jinsi mtu anavyotaja ukoo wake, ambao hakuuchagua. Baba yangu alifanya kazi katika karakana ya reli, na katika nyumba za watu wa reli, zama hizo, mtoto wa kiume alipewa vitu viwili kabla hajapata akili ya kukataa: jina la babu yake, na mapenzi ya rangi za njano na buluu. Mke wangu naye, Mwenyezi Mungu ampe umri mrefu, ni mzaliwa wa Kamalondo, mtaa ambamo Mazembe walifungua uwanja wao mwaka 2011, wakautandika nyasi zisizoota wala kukauka. Siku za uchumba watu waliniambia kwamba mapenzi hayana timu. Waliosema hayo hawakuwa na timu.

Klabu zote mbili zilianzishwa mwaka 1939, mji ukiitwa bado Élisabethville, na zote mbili zilikabidhiwa ulinzi wa watakatifu. Ya wenzetu ililelewa na watawa wa Kibenedikto wa shule ya Saint-Boniface, ikaitwa Saint-Georges, kisha Saint-Paul, kisha ikavua utakatifu wake ikavaa jina la Englebert, lililokuwa jina la matairi, na juu ya matairi hayo ikajipachika lakabu ya Tout Puissant, sifa ambayo mimi nilifundishwa katika katekisimu kwamba ni ya Muumba peke yake. Sisi tulipewa Mtakatifu Eloi, msimamizi wa wahunzi, na tumebaki naye hadi leo kwa uaminifu ambao sina hakika kama yeye naye anao. Hekaya yasimuliwa kwamba mtakatifu huyo, alipoletewa farasi mkaidi asiyekubali kupigwa chuma, alimkata mguu, akaupiga chuma mguu ule kwa nafasi yake juu ya fuawe, kisha akaurudisha mahali pake na farasi akaenda zake salama. Nimewatazama washambuliaji wetu kwa miaka mingi, na dhana yangu ni kwamba kwao kazi ya kukata ilifanyika, ila ile ya kurudisha bado inangojwa.

Wapinzani wetu, wasiridhike na sifa hiyo ya uwezo wote, wanaitwa pia Kunguru, kwa ajili ya mavazi yao meusi na meupe, hali kwenye nembo yao kuna mamba aliyebana mpira kinywani. Mtu hodari anaweza kujihadhari na mnyama mmoja. Lakini mwenye kuogopa wa angani na wa majini kwa wakati mmoja, atatia wapi mguu?

Na historia, ambayo kwa mataifa mengine ni mwalimu, kwetu sisi ni mcheshi mwenye inda. Mwaka 1968 Lupopo ilitwaa ubingwa wa Kongo yote. Ungedhani mwaka huo ungalikuwa wetu, tukaukunja na kuuweka sandukuni pamoja na vyeti vya ubatizo. Lakini mwaka uo huo Englebert walitwaa ubingwa wa Afrika, tena kwa mara ya pili mfululizo, nasi tukawa ni mtu aliyetoa nje baiskeli yake mpya ili jirani aione, akamkuta jirani anaosha motakaa. Ubingwa wetu wa mwisho wa taifa ni wa mwaka 2002, na mtoto aliyezaliwa siku tulizokuwa tukiusherehekea sasa ananyoa ndevu. Tangu hapo wenzetu wameitwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika mwaka 2009, 2010 na 2015, wakaongeza Kombe la Shirikisho mwaka 2016 na 2017, pengine kwa kuona kwamba kabati lilibakiwa na nafasi.

Basi Jumapili hiyo ya kukutana na Mazembe tulikwenda uwanja wa Kibassa Maliba, katika mtaa wa Kenya (msomaji wa Nairobi asidhani tulivuka mpaka), nyuso zimekunjuka na koo zimelainishwa kwa bia ya Simba. Katika dakika za mwanzo tulipata kona, na kona ile tuliishangilia kwa vifijo ambavyo mataifa mengine huviweka akiba kwa sikukuu ya uhuru. Yaliyofuata yanajulikana. Idadi ya mabao sitaitaja, si kwa kuficha, maana mji mzima unaijua, bali kwa sababu kalamu yangu ina adabu.

Mchezo ulipokwisha ilinibidi nirudi nyumbani katikati ya halaiki nyeusi na nyeupe hali nimevaa fulana ya njano. Nikajibanza nyuma ya ukuta, nikaigeuza fulana ndani nje. Lakini njano ni rangi isiyo na siri, ndani ilikuwa njano vilevile, ila sasa mishono yote ilikuwa hadharani na kile kitambaa kidogo chenye maagizo ya kufulia kikining'inia chini ya kidevu. Kijana mkusanya nauli wa basi dogo alinitazama, akakitazama kitambaa, akavua kofia yake kwa taadhima, akatangaza kwa sauti ya kanisani:

“Baba eko na kilio. Mumupe nafasi.”

Abiria wakasimama, wakubwa kwa wadogo. Sijapata kuheshimiwa hivyo katika maisha yangu, na ningalitoa mshahara wa mwezi kuikwepa heshima ile. Nauli, hata hivyo, alinitoza kamili.

Sikwenda moja kwa moja nyumbani. Iko baa nyuma ya stesheni ambamo wafuasi wetu hukusanyika kila baada ya kushindwa ili kutafuta sababu, nayo kwa hiyo ina wateja wa kudumu. Mmoja alisema refa amenunuliwa. Mwingine akapinga, akasema refa yule hana thamani ya kununuliwa. Wa tatu aliulaumu upepo, ambao katika kipindi cha kwanza ulivuma dhidi yetu na katika cha pili, baada ya timu kubadilishana magoli, ukageuka kwa hila ili uendelee kuvuma dhidi yetu. Ndipo mzee mmoja mstaafu wa reli, aliyekuwa kimya pembeni, akaweka bilauri yake chini, akatueleza kwamba Lupopo ilianza kudhoofika siku magari ya moshi yalipoacha kutoa moshi; kwa kuwa mchezaji wa zamani alikua akishindana mbio na treni inayopita, na huyu wa sasa anakua kando ya treni ambayo hakuna mwenye hakika kama itapita. Tulimkubalia kwa kauli moja, si kwa nguvu ya hoja, bali kwa sababu hoja yenyewe haikumlaumu mtu yeyote aliyekuwamo mle barazani.

Alikuwapo pia dereva wa lori, Mtanzania aliyekuja kupakia shaba, akaingilia mazungumzo kwa ule ukarimu wa watu wa pwani.

“Poleni sana, ndugu zangu. Mimi mji huu naujua vizuri, ndipo alipochezea Samatta.”

Mtu akamjibu kwamba kweli Mbwana Samatta alichezea hapa, lakini si kwetu.

“Kwani hapa kuna timu mbili?”

Tukamnunulia bia, ili kinywa chake kipate kazi nyingine.

Wapenzi wa mpira watamkumbuka Robert Kidiaba, yule aliyekuwa kipa wa Mazembe, ambaye timu yake ilipofunga alikuwa akiketi chini na kurukaruka kwa matako juu ya nyasi. Nilipofika nyumbani nilimkuta mwanangu, yule yule niliyempa jina la baba yangu na rangi zake zote mbili, akirukaruka namna hiyo kwenye sakafu ya saruji ya baraza, kutoka mlangoni hadi kwenye ndoo ya maji na kurudi, hali amevaa kaptura ya shule ambayo makalioni ilikwisha kutiwa kiraka kwa ajili ya furaha za nyuma. Aliponiona alisimama papo hapo, akasema alikuwa akitafuta sarafu iliyomdondoka. Mama yake alitia bukari na sombe mezani, akanikaribisha chakula kwa upole, wala hakutaja mpira hata kwa kuuzungukia. Lakini jikoni alikuwa akiimba, na mke wangu haimbi Jumapili nyingine.

Sasa nifike kwenye Jumatatu, maana Jumapili si kitu. Jumapili mtu huwa bado ana ganzi.

Alfajiri, kabla sijanawa uso, shemeji alibisha hodi. Alikuwa amevaa nyeusi na nyeupe, na hapa ndipo niseme kwamba wenzetu wametuzidi hata katika hili, kwa sababu sare yao ya ushindi yafaa vilevile kwa kutolea taazia, na mtu hana haja ya kubadili nguo. Hakukubali kiti. Alitandika mkeka barazani, akaketi, akashika tama, na mbele yake akaweka sahani tupu, kama ilivyo desturi ya kilio katika mji wetu. Nikaketi naye, kwa sababu mtu hawezi kumwacha shemeji yake peke yake mkekani majirani wakitazama. Haukupita muda, mama mmoja mtu mzima, mpita njia asiyejua habari za mpira, akatuona. Akavua viatu, akaketi, akalia kidogo kwa adabu, akafungua upindo wa kitenge akatoa franga zake akazitia sahanini, kisha akauliza marehemu ni nani.

“Ni mutoto wa reli, mama,” shemeji akajibu kwa simanzi. “Alizaliwa 1939.”

“Aah. Alikuwa muzee,” akasema yule mama. “Mungu amupokee.”

Mama alipoondoka nikafungua mdomo, na hoja zangu nilikuwa nimezipanga usiku kucha. Nilimkumbusha kwamba kombe lao la kwanza la Afrika, la mwaka 1967, lilipatikana baada ya sare mbili na Asante Kotoko ya Ghana, 1-1 na 2-2, na kwamba ulipowadia mchezo wa kuamua Kotoko hawakutokea, kwa hiyo kombe hilo walilipata kwa kumfunga mtu asiyekuwapo. Shemeji akasema kwamba hata jana alidhani anacheza na watu wasiokuwapo.

Nikamhamishia Abu Dhabi. Mnamo Desemba 2010 Mazembe waliwafunga Pachuca ya Meksiko 1-0, wakawafunga Internacional ya Brazili 2-0, wakawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Na tarehe 18 Inter ya Milano ikawafunga 3-0. Siku ile nilikaa na ukoo wote wa mke wangu mbele ya televisheni, na Eto'o alipotia bao la pili, mimi peke yangu niliruka kitini.

“Ulituambia unashangilia Afrika,” shemeji akanikumbusha.

“Eto'o si Mwafrika?”

“Na buluu ya Inter?”

Sikujibu, kwa kuwa chai ilikuwa imeletwa. Wala sikumwambia kwamba siku nne kabla ya hapo, usiku wa Internacional, nilikuwa barabarani pamoja na mji mzima nikipiga sufuria kwa mwiko, na kwamba nikiwa safarini Zambia mtu akisema, “Lubumbashi? Mazembe!” kifua changu hupanuka bila ya idhini yangu. Hiyo ndiyo dhuluma yenyewe. Mpinzani mbaya angetuachia walau raha ya kumchukia; huyu wetu ametunyima na hiyo.

Shemeji aliondoka saa nne, akachukua mkeka wake na, baada ya mashauriano marefu, nusu ya zile franga. Kwa hiyo kijana wa Lupopo unayesoma haya, kama hujaoa, chumbia mbali na Kamalondo. Na kama moyo umekwisha kutangulia huko, basi kabla ya kutoa mahari wakalishe wazee wa pande zote mbili, mpatane mbele ya mashahidi kwamba baada ya derby shemeji havuki kizingiti chako mpaka Jumatano.