Jinsi ya Kufungua Mgahawa Chake Chake Bila Kutajirika

Baa iache. Pemba karibu kila mtu ni Muislamu, kileo hakiuzwi bila kibali, na hata mwenye hoteli anayo mashaka yake: Januari 2024 bia ziliadimika Zanzibar kwa sababu ya mabadiliko ya vibali vya waingizaji. Baa ya Mpemba ni kahawa chungu yenye tangawizi, kwenye finjani ndogo, na anayeinywa hukaa muda ule ule ambao mnywaji wa Dar es Salaam angemaliza chupa tatu. Hesabu yako ianzie hapo.

Tafuta kibaraza chenye kivuli cha jioni. Chumba kizuri hakina kazi. Mteja wa Chake anataka kuona nani anapita. Benchi mbili, dele, jiko la mkaa na ndoo mbili za kusuuzia vikombe vinatosha. Friji na juisi ya ukwaju vije baadaye. Tangu 2010 umeme wetu hupitia kwenye waya uliolazwa chini ya bahari kutoka bara, na siku ukikatika juisi ndiyo ya kwanza kuchacha.

Vitumbua na kashata usipike mwenyewe. Wapo akina mama wanaoamka kabla ya alfajiri. Watakuletea kwa mali kauli, jioni wafuate chao. Walipe kabla hujajilipa wewe. Kumwambia mama wa vitumbua "njoo kesho" ni dhuluma: mchele, nazi na mafuta kavinunua kwa fedha taslimu, wewe umetoa benchi tu.

Sasa daftari. Utasema hukopeshi. Utabandika na karatasi ukutani. Kisha ataingia mzee aliyekusomesha Kurani, atakunywa finjani mbili, atatafuna kashata taratibu mpaka ya mwisho, atajifuta vidole na kusimama: "Niandikie mwanangu, mpaka karafuu." Utaandika. Karafuu zenyewe bado ziko mtini. Zichumwe, zichambuliwe, zianikwe juani kwenye majamvi, zipelekwe kituo cha ZSTC, shirika la serikali ambalo ndilo mnunuzi wa halali. Hapo ndipo deni lako linapoanza kupumua. Na mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Upo msimu ambao kisiwa kizima kinanukia, upo mwingine ambao majamvi hubaki yamekunjwa, na wateja wako ni wale wale. Andika jina, siku na kiasi, kwa kalamu ya wino, mdaiwa mwenyewe akiona. Akikuletea kifuko cha karafuu badala ya fedha, mrudishie kwa heshima. Hayo ni magendo, na harufu yake haifichiki.

Mdaiwa akifariki, mazikoni watatangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Usijitokeze kwa bei ya kahawa. Samehe, na watoto wake wasikie kwamba umesamehe. Ikiwa ni deni la laki na zaidi, mwone mrithi faraghani, siku za msiba zikishapita.

Kuna jambo ambalo wanaofungua migahawa hulisahau, nalo ni chama. Baada ya uchaguzi wa marudio wa Machi 2016, Wapemba waligomeana madukani, kwenye magari, mpaka mazikoni. Mgahawa ukichagua upande hupoteza wateja, lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba jirani wawili wanakosa mahali pa kukaa benchi moja. Usitundike bendera. Taarifa ya habari ikiwasha moto, punguza sauti ya redio. Na anayeingia akajikuta peke yake kati ya wapinzani wake, mpelekee finjani kwa mkono wako mwenyewe, umuulizie watoto, kila mtu aone kwamba huyu ni mgeni wako. Kazi hiyo haiingizi shilingi, na kwangu mimi ndiyo kubwa kuliko zote za mwenye mgahawa.

Ramadhani utafunga mchana, mwezi mzima. Tumia siku hizo kukaza miguu ya benchi na kukokotoa daftari. Faida iko usiku: baada ya tarawehe watu hukaa mpaka daku, na kahawa haikauki kwenye dele. Sukari inunue Shaabani, kabla bei haijapanda.