Heko kwa Mlio wa Gari

Katika vyote vilivyomo ndani ya gari, hakuna kinachotukanwa kama mlio. Abiria akisikia "kwii" chini ya miguu humtazama dereva kwa huruma. Dereva naye huongeza sauti ya redio, yakaisha. Muuza magari makuukuu huuziba mdomo kwa grisi asubuhi ile mnunuzi anapokuja. Mimi nasema mlio unastahili heshima kuliko spea yoyote, kwa kuwa ndio mtumishi pekee wa gari asiyedai mshahara wala kumwogopa tajiri. Wahandisi wanalijua hilo. Pedi nyingi za breki hufungwa kijibati ambacho kazi yake ni moja tu: kukaa kimya mpaka pedi ibaki na unene wa kama milimita 2 au 3, kisha kukwaruza diski na kupiga yowe. Yaani watu wazima walikaa kiwandani wakabuni kero kwa makusudi! Na magari ya umeme yalipokuja na ukimya wake, Umoja wa Ulaya uliona waenda kwa miguu watagongwa bila kusikia kitu. Tangu Julai 2021 kila gari jipya la aina hiyo huko hulazimika kutoa sauti likienda polepole, hadi kilomita 20 kwa saa.

Tena mlio haulalamiki ovyo, una hesabu zake. Tairi la gari dogo lina mzingo wa karibu mita 2, hivyo kwenye kilomita 100 kwa saa huzunguka kama mara 14 kwa sekunde. Injini ya silinda 4 ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika hulipuka ndani mara 100 kwa sekunde. Mtetemo wa mara 14 basi hauwezi kusingiziwa injini hiyo. Asiye na kifaa cha kuhesabu hutia nyutro gari likiwa linaserereka: mvumo ukiendelea kufuata mwendo, injini haina kesi. Usukani ukitetemeka kuanzia kilomita 80 hivi kwa saa, matairi ya mbele yaangaliwe balansi. Kikitetemeka kiti, twende nyuma. Ukikata kushoto, uzito hulalia kulia, na mvumo ukipanda hapo mshukiwa wa kwanza ni beringi ya kulia. Debe huvuma kwa utupu. Beringi huvuma kwa kuliwa.

Mpinzani atasema mlio nao hudanganya. Bodi la gari ni chuma, hubeba sauti ya nyuma ikaja kusikika mbele, na mtu aweza kubadilishiwa shokapu nzima kumbe ni jeki iliyolegea kwenye buti. Kweli kabisa, ila mlio haukutaja shokapu. Ulisema kuna kitu kinagonga. Shokapu ni tafsiri ya fundi mwenye haraka. Fundi makini hulitembeza gari kwanza, mwenye gari akiwa pembeni, kisha huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma na mpini sikioni, huku injini ikiunguruma, akihama kituo kimoja baada ya kingine mpaka sauti ikolee. Wengine watauliza, taa za dashibodi zina kazi gani? Taa husoma pale tu palipofungwa kihisi, na bushi iliyochanika haina kihisi. Halafu taa huzibwa kwa kipande cha plasta. (Simtetei anayetoboa ekzosi ili mtaa mzima uamke. Huo si mlio wa gari, ni wa mwenyewe.)

Kinachobaki ni redio, na hiyo kwa muda inashinda. Ila kile kijibati cha breki nacho kinalika. Pedi ikiisha, yowe jembamba hugeuka mngurumo wa chuma kwa chuma, bei ya pedi ikawa bei ya pedi na diski, na sauti hiyo hakuna redio inayoifikia.