Sifa za 5L Ndani ya Vigo

Katika mali zote ambazo mtu anaweza kuegesha mbele ya nyumba yake, sijaona inayostahili heshima kama Hilux Vigo iliyong'olewa injini yake ya D-4D ikafungwa 5L. Mwenye gari la namna hii ni mtu mwenye msimamo. Alikabidhiwa ufundi wa karne hii, akauangalia juu chini, akasema hapana, nirudishieni ule wa miaka ya tisini.

Watu wa makaratasi watakukumbusha kwamba injini aliyoitoa, 1KD, ina sentimita za ujazo 2,982, ina turbo, na nguvu yake ni farasi 163. 5L haina turbo, na farasi wake ni kama mia hivi. Ujazo wake lakini ni sentimita 2,986. Mwenye gari amepata sentimita 4 za ziada, na ingawa hazijazi kijiko cha chai, faida ni faida. Farasi sitini waliobaki gereji walikuwa wanakula tu.

Ni kweli kuna mahali farasi hao hukumbukwa. Pale Kitonga, ukitoka Morogoro kwenda Iringa, unaingia mlima na gia ya tatu, kona ya pili unarudi ya pili, na basi la Mbeya linakupita likipiga honi ya kebehi. Wewe hubabaiki. Mbele yako lipo lori la Zambia lenye kontena, mnapanda nalo taratibu mpaka mnajuana na utingo wake, na mkifika juu mmeshaagana kama ndugu. Mwenye 1KD anapita hapo kwa dakika chache asijue mtu.

Tena 5L ina hekima ya kutojua. 1KD inajua mno. Inasukuma mafuta kwa presha inayozidi bari 1,000, kupitia matundu ambayo sindano ya kushonea haipiti, na kila kitu inapeleka taarifa kwenye kompyuta. Ikiguswa kidogo inawasha taa, inapunguza nguvu, inadai mashine ya kupimia. Waya za kompyuta hiyo si shida yake kubwa. Shida ni zile washa ndogo za shaba chini ya nozeli. Zikianza kuvuja, masizi yanashuka kwenye oili, yanaziba chujio lililo ndani ya sampo, na injini inakufa kwa kiu huku oili imejaa. Kifo cha kitajiri hicho.

Sasa mpe mtoto huyo wa kulelewa mafuta yetu. Uchakachuaji ulifika mahali mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, ikaanza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili isiwe na faida tena kuyachanganya na dizeli. Mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli, na pampu ya presha kubwa hujilainisha kwa mafuta hayo hayo inayoyasukuma. Ikinyimwa ulainisho inajisaga, na vumbi la chuma linakwenda moja kwa moja kwenye nozeli. Pampu ya 5L nayo inategemea mafuta hayo hayo, ila presha yake ni ndogo sana. Inalewa, haianguki. Ng'ombe hazeeki maini.

Lakini uzuri wote wa shughuli hii unaonekana kwenye gereji za Gerezani, Dar es Salaam, siku ya kufunga. Mnyororo umening'inizwa kwenye bomba lililokingamishwa juu ya nguzo mbili, 1KD inapanda ikiwa imetandwa na waya kila upande, na fundi anaanza kuzikata soketi moja moja. Zile ambazo hajui kazi yake anazikunja, anazifunga kwa utepe mweusi na kuzisukumia nyuma ya dashibodi, zilale. 5L inapoingia inataka waya wa stata, waya wa hita, waya wa jenereta, na mmoja mwembamba unaokwenda kwenye pampu kufungua mafuta. Mshale wa mizunguko ya injini unalala kwenye sifuri tangu siku hiyo, kwa sababu hakuna wa kuupa habari. Taa ya injini inazibwa kwa kipande kingine cha utepe. Ni gari linalotembea bila kukiri kwamba linatembea.

Na kile kidude cha kufungua mafuta kikiungua ukiwa porini, fundi wa kijijini anakifungua, anatoa pini ya ndani, anakirudisha. Gari linawaka. Halizimi tena kwa ufunguo, hilo ndilo badiliko pekee: unatia gia ya nne, unakanyaga breki kwa nguvu, unaachia klachi. Nionyesheni injini ya kisasa yenye mapenzi ya kuishi kiasi hicho.

Nisiposifu moshi nitakuwa mchoyo. Moshi wa 5L iliyochoka hauna ubaguzi. Unamfikia wa bodaboda, wanafunzi walio kituoni, na mama anayekaanga mihogo kando ya barabara. Mwaka 2012 shirika la WHO la utafiti wa saratani liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mwenye Vigo hajasumbuka. Amefunga vioo, AC inapuliza (kama kompresa ilipata pa kukaa), na moshi wake hauvuti hata kidogo, wote anawapa watu. Ukarimu gani unazidi huo?

Anayedhani huu ni uhuni wa mafundi wetu ajue kwamba Toyota wenyewe waliuza Hilux ya umbo hilo hilo, LAN25, ikiwa na 5L-E tangu kiwandani, kwa baadhi ya masoko ya Afrika. Hukumu yangu hata hivyo ni kwamba D-4D nyingi zimeng'olewa bila kosa. Anayejaza dizeli kwenye kituo anachokiamini, akabadili chujio kwa wakati na kuzikagua washa za nozeli kabla hazijavuja, hana sababu ya kwenda Gerezani. Tunakwenda kwa sababu 5L inasamehe, na matunzo yetu yanahitaji msamaha mwingi.

Basi wewe uliyekwisha kuamua, na naona umeamua, dai risiti ya injini kabla hujatoa hela, maana namba yake lazima ikabadilishwe TRA kwenye kadi ya gari, na trafiki anajua pa kuitazama. Halafu kumbuka kwamba injini ya mtumba haiji na dashibodi yake, kwa hiyo hakuna wa kukwambia imetembea kilomita ngapi. Mkanda wa taiming wa 5L hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika, vali zinagongana na pistoni. Mwambie fundi afunge mpya injini ikiwa bado iko chini.